Nyumba Ndogo ya Mzee Kando ya Bahari

Fungueni madaftari yenu, tuanze.

Leo twazungumza habari za nyumba ya mzee. Labda mama yako amezeeka, naye ataka kumaliza siku zake pwani, karibu na bahari aliyoizoea. Wewe umeweka akiba kidogo ya kumjengea. Jenga kwa uangalifu, kwa maana ukikosea, yeye ndiye atakayeishi na kosa lako kila siku.

Kwanza, muulize. Kabla ya kununua tofali hata moja, keti naye. Huamka saa ngapi? Usiku hutoka mara ngapi? Jioni hupenda kukaa wapi? Palikuwa na mchoraji mashuhuri wa nyumba aitwaye Le Corbusier. Aliwajengea wazazi wake nyumba kando ya ziwa huko Uswisi, mwaka 1923 na 1924. Alichora kwanza nyumba iwafaayo, kisha ndipo akatafuta kiwanja. Nyumba ile ina ukubwa wa mita za mraba 64 tu, nayo haina ghorofa. Lakini ina dirisha moja la urefu wa mita 11, lielekealo ziwani. Baba alifariki mwaka 1926. Mama aliendelea kuishi humo hata mwaka 1960, alipofariki. Basi nyumba ndogo yaweza kumtosha mtu miaka mingi, ikiwa imepimwa kwa maisha yake.

Pili, mahali. Usijenge ufukoni. Bahari hula nchi kavu kidogo kidogo. Katika Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukoni. Kwa hiyo uliza serikali ya mtaa au ya kijiji kabla ya kulipa fedha. Chagua mahali palipoinuka kidogo, penye njia na majirani. Mama akiita usiku, nani atamsikia?

Tatu, upepo na jua. Kaskazi huvuma tangu Desemba mpaka Machi. Kusi hufuata, na mwanzo wake huja pamoja na mvua za masika. Chumba cha kulala kiwe na madirisha katika kuta mbili zinazoelekeana, upepo uingie huku na kutokea kule. Jua la alasiri hupiga ukuta wa magharibi. Upande huo weka stoo, wala usiweke kitanda.

Nne, chumvi. Mchanga wa pwani ni wa bure, lakini utakugharimu baadaye. Chumvi yake huingia katika zege na kuozesha nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, na zege hupasuka. Tumia mchanga wa mtoni au wa shimoni, na maji matamu. Nondo zifunikwe kwa zege, unene wa sentimita 5. Ukuta wa mawe na chokaa hauna nondo za kuoza. Ndiyo sababu majumba mengi ya kale ya Lamu na Unguja yamesimama muda mrefu yalipotunzwa.

Tano, miguu ya mzee. Hapa ndipo wengi hukosea. Huweka ngazi nzuri mbele na vigae vinavyong'aa ndani, na choo hukiweka mwisho wa ua. Mzee huanguka kwa urahisi akienda chooni gizani. Mfupa wa nyonga ukivunjika, wengi hawarudi kutembea kama zamani. Kwa hiyo choo kiwe karibu na kitanda, chini ya paa lile lile. Weka kiti cha choo, na ukutani bomba imara la kushikia. Sakafu isiteleze. Milango iwe na upana wa sentimita 90, bila kizingiti, ili hata kiti cha magurudumu kipite. Badala ya ngazi, jenga mteremko. Ukipanda sentimita 30, mteremko uwe na urefu wa sentimita 360.

Mwisho, baraza. Lijenge kwa kimo cha kiti, lielekee bahari na njia pia. Akiketi hapo jioni ataona vyombo vikirudi, na wapitao watamwamkia. Fedha ikipungua, punguza sebule, lakini baraza liache.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango. Watu watasifu sura ya mbele. Mama yako atajua yaliyomo ndani.

Maswali:
1. Kwa nini mchanga wa pwani haufai kwa zege?
2. Ukipanda sentimita 20, mteremko uwe na urefu gani?
3. Mwulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu ni kitu gani humsumbua ndani ya nyumba. Andika jibu lake kwa sentensi tatu.

Kwaherini mpaka somo lijalo.