Zako Tia Maji

Wazee wetu walisema, "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji." Methali hii twaitumia kumwonya mtu kwamba yaliyompata mwenzake yaweza kumpata yeye pia. Leo nataka niichukue kama ilivyo, yaani kwa habari ya wembe na maji, kwa sababu nimeona vijana wengi, na hata wazee waliomaliza shule zamani, wakiteseka kila asubuhi kwa kunyoa ndevu, wala hawajui kosa liko wapi.

Kwanza niungame kosa langu. Mwaka 1996 nilikuwa kiranja wa bweni. Mwenzetu mmoja wa darasa la juu alikuwa na vipele vingi kidevuni na shingoni. Siku ya ukaguzi alikuja na ndevu za siku tatu. Nikaliandika jina lake katika orodha ya wachafu, nikamwamuru anyoe mara moja. Akaazima wembe, akanyoa bila maji, akaingia darasani na damu kwenye ukosi wa shati. Hakusema neno. Mimi wakati ule sikuwa na ndevu hata moja. Miaka miwili baadaye zangu zilipoota, vipele vile vile vikanitokea, ndipo nikajua kwamba nilimwonea.

Sababu ya vipele ni hii. Ndevu zetu Waafrika kwa kawaida zimejipinda tangu ndani ya ngozi. Ukizikata kwa wembe, kila unywele hubaki na ncha kali kama ya mkuki. Unapokua hujikunja, ukarudi na kuichoma ngozi. Tena, ukiivuta ngozi wakati wa kunyoa, unywele hukatwa chini ya uso wa ngozi. Ukiiachia ngozi, ncha ile hubaki ndani na kutoboa pembeni. Mwili hupigana nayo kama unavyopigana na mwiba, mahali pale pakavimba. Basi, kipele ndicho hicho. Si uchafu wala si uvivu. Pengine yule anayenyoa sana ndiye anayeumia sana.

Kwa hiyo shauri langu kubwa ni moja: usitafute ulaini wa kupita kiasi. Mengine yote yafuata hilo.

Tuanze na wembe. Zamani watu walitumia wembe mrefu wa kunoa. Mwaka 1903 Mmarekani aitwaye King Camp Gillette alianza kuuza mashine ndogo ya mkono yenye wembe mwembamba wa kutupwa ukiisha makali. Mwaka huo ziliuzwa mashine 51 tu, lakini mwaka uliofuata ziliuzwa zaidi ya 90,000. Tangu miaka ya 1970 zimetokea mashine zenye nyembe mbili, kisha tatu, na hata tano. Kazi yake ni hivi: wembe wa kwanza huunyanyua unywele, na wa nyuma yake huukata chini zaidi. Kwa mtu mwenye ndevu zilizonyoka ni jambo jema. Kwa mwenye ndevu za kujipinda ndilo hasa la kuepuka. Wembe mmoja mkali watosha. Ukianza kukwaruza, utupe, maana wembe butu hukufanya uukandamize na kupita mara nyingi.

Pili, maji. Unywele mkavu ni mgumu, lakini ukilowa hulainika, na wembe hupita bila nguvu. Osha uso kwa sabuni na maji ya vuguvugu, uuache umelowa kwa dakika mbili au tatu. Asiyepata maji ya moto na anyoe mara tu baada ya kuoga.

Tatu, sabuni. Sabuni ya kufulia hukausha ngozi. Tumia sabuni laini ya kuogea au ya kunyolea, ufanye povu zito, nalo lisikauke usoni. Si lazima iwe ya bei kubwa wala ya kunukia. Manukato mara nyingi ndiyo yanayowasha.

Nne, mkono. Papasa shavu kwa kidole ujue ndevu zimelalia upande gani, kisha unyoe kwa kufuata upande huo huo. Shingoni hulala huku na huku, basi uangalie vizuri. Usivute ngozi, usikandamize, wala usirudie palipokwisha kunyolewa. Ukimaliza, suuza kwa maji baridi, ujifute taratibu bila kusugua. Ukijikata kidogo, shabu iliyoloweshwa itazuia damu.

Je, aliyekwisha kupata vipele afanye nini? Aache wembe kwa muda wa wiki nne hivi. Nywele nyingi zilizonasa zitarefuka na kujitoa zenyewe. Asivitumbue wala kuvichokoa kwa sindano, maana huacha alama nyeusi na pengine makovu manene. Ajihadhari pia na marhamu za kung'arisha ngozi, kwa kuwa nyingine zina zebaki, nayo hudhuru figo. Vikitoa usaha, aende kwa daktari. Akipona, atumie mashine ya umeme inayoacha ndevu za urefu wa milimita 1 hivi. Uso utakuwa nadhifu, na nywele hazitapata nafasi ya kurudi ndani.

Liko jambo moja kubwa kuliko vipele. Usiazime wembe wala usiazimishe, hata kwa rafiki yako wa kufa na kuzikana. Virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na damu kidogo isiyoonekana kwa macho yatosha kuvipitisha. UKIMWI nao waweza kupita katika njia hiyo. Kwa kinyozi, omba wembe mpya ufunguliwe mbele yako, na mashine isafishwe kwa dawa kabla haijakugusa. Kinyozi mwema hatakasirika.

Na ninyi viranja wa leo, mkimwona mwenzenu ana ndevu fupi juu ya shingo yenye vipele, msikimbilie kalamu. Mpelekeni kwanza kwa muuguzi.

Yule mwenzangu nilionana naye katika mkutano wa wanafunzi wa zamani. Alikuwa na ndevu fupi zilizokatwa vizuri, na shingo yake imepona. Nikamwomba radhi. Akanitazama kidevu, akacheka, akasema, "Kiranja, zako umechelewa kuzitia maji."