Graecus na Wenzake: Kweli au Uongo?

Majina ya Kilatini ya miti ya Msitu wa Kakamega hukaririwa kuliko yanavyoeleweka. Ni hasara, maana anayesema Kiswahili au Kiluhya tayari anaijua sheria kuu ya majina hayo. Tuanze na kivumishi kimoja.

"Kwa Kilatini, Mgiriki ni Graecus, basi."
Uongo. Graecus ni mwanamume mmoja. Mwanamke ni Graeca, na jina lisilo la kiume wala la kike hufuatwa na Graecum. Wakiwa wengi ni Graeci, Graecae, Graeca. Sisi twasema mtu mzuri, kiti kizuri. Kule Mumias, kwa Kiluhya, husemwa omundu omulayi (mtu mzuri), abandu abalayi (watu wazuri). Mwendo ni ule ule wa upatanisho, ila sisi twabadilisha mwanzo wa neno na Warumi walibadilisha mwisho.

"Kivumishi hicho hakipo jikoni kwetu."
Uongo. Uwatu unaotiwa mchuzini ni Trigonella foenum-graecum, yaani nyasi kavu za Kigiriki. Foenum si la kiume wala la kike, ndiyo maana likafuatwa na graecum.

"Mwisho wa kivumishi lazima ufanane na mwisho wa nomino."
Uongo, na hapa ndipo wengi hupotea. Mwiritsa, mti wa Kakamega ambao gome lake ni dawa, huitwa Prunus africana. Mbona si africanus? Kwa sababu Warumi kwa kawaida waliiweka miti katika jinsia ya kike, hata pale jina lilipoishia na -us. Asiyeridhika na aangalie neno kiongozi. Lina ki-, lakini hakuna asemaye "kiongozi kizuri". Twasema kiongozi mzuri, kwa kuwa ni mtu. Kinachotawala ni ngeli ya jina. Umbo lake laweza kudanganya. Mwanafunzi aliyeelewa kiongozi ameelewa Prunus africana, na naona ajabu kwamba hafundishwi hivyo.

"Wagiriki wenyewe walijiita Graeci."
Uongo. Walijiita Hellenes, Graeci ni jina la Warumi. Waarabu nao wakasema Yunani, kutokana na Ionia, na kwa njia hiyo tukapata Myunani kando ya Mgiriki. Kakamega inalijua jambo hili la kupewa jina na wageni: ilikuwa makao makuu ya wilaya ambayo serikali ya kikoloni iliiita Kavirondo Kaskazini. Jina Abaluyia, yaani Waluhya, na umoja wake Omuluyia, lilienezwa na wenyeji wenyewe miaka ya 1930 na 1940.

"Kakamegae ni kivumishi kama graecus."
Uongo. Ndege Arizelocichla kakamegae alipewa jina na mtaalamu wa ndege Sharpe mwaka 1900, na kakamegae ni umbo la umilikaji: wa Kakamega. Wataalamu wamemhamisha ndege huyo jenasi zaidi ya mara moja. Kivumishi kingelazimika kufuata jinsia ya kila jenasi mpya. Kakamegae halikuguswa hata herufi.