Goli la Pretoria na Mipaka ya Jicho la Video



Usiku wa tarehe 5 Aprili 2024, katika uwanja wa Loftus Versfeld mjini Pretoria, timu ya Young Africans ya Dar es Salaam, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Yanga, ilipambana na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Mchezo wa kwanza, uliochezwa Dar es Salaam tarehe 30 Machi, ulikuwa umekwisha bila bao. Katika kipindi cha pili cha mchezo huu wa marudiano, Stephane Aziz Ki, mchezaji kutoka Burkina Faso, aliachia shuti kali. Mpira ukagonga mtambaa panya, ukadunda chini jirani na mstari wa goli, kisha ukarudi uwanjani. Wachezaji wa Yanga wakanyanyua mikono kushangilia. Mwamuzi, aliyetoka Mauritania, hakupuliza kuashiria bao, na wenzake waliokuwa katika chumba cha video hawakuubadili uamuzi huo.

Dakika 90 zikamalizika bila bao, na Sundowns ikashinda kwa mikwaju ya penalti, 3 kwa 2. Mwaka mmoja kabla ya hapo Yanga ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Safari hii ilikuwa imebakiwa na hatua moja tu kuingia nusu fainali ya kombe kubwa zaidi, mahali ambapo ilikuwa haijapata kufika. Ndiyo maana malalamiko hayakuishia Dar es Salaam. Ng'ambo hii ya Ziwa Tanganyika nako, ambako mechi za Yanga na Simba zina wafuasi wao, suala lile lilizungumzwa kwa uchungu. Na swali lililoulizwa na wengi lilikuwa moja: mtambo wa VAR ulikuwapo uwanjani, mbona haukusema?

Jibu ni kwamba mtambo ule hausemi. VAR si mashine inayoamua. Ni waamuzi wengine, watu kama mimi na wewe, wanaokaa mbele ya skrini na kutazama picha za kamera za televisheni. Kanuni zilizoidhinishwa na Bodi ya Kimataifa ya Sheria za Mpira mwezi Machi 2018, zikatumika katika Kombe la Dunia nchini Urusi mwaka huo huo, ziliwapa mambo manne ya kuangalia: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji kuadhibiwa kwa kosa la mwenzake. Tena hawakupewa ruhusa ya kutoa hukumu upya kwa kila jambo wanalolitilia shaka. Wanatakiwa kuingilia pale tu ambapo mwamuzi wa kati amefanya kosa la wazi na dhahiri, au tukio zito limempita bila kuonekana. Shaka ikibaki, uamuzi wa uwanjani unabaki. Kwa hiyo katika tukio la Pretoria swali halikuwa “Je, mpira uliingia?” Swali lilikuwa “Je, picha tulizo nazo zinathibitisha pasipo shaka kwamba mpira uliingia?” Haya ni maswali mawili, na timu inaweza kushinda la kwanza ikashindwa la pili.

Tuutazame mstari wenyewe, maana hapa ndipo wengi tunapokosea. Sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote, uwe chini au uwe angani. Mpira una kipenyo cha sentimita 22 hivi. Unapodunda unagusa ardhi kwa sehemu ndogo ya katikati, na tumbo lake linatokeza sentimita 11 kila upande. Basi mtu anaweza kuona majani mabichi kati ya alama ya mdundo na mstari, akaapa kwamba ni bao, kumbe tumbo la mpira bado liko juu ya mstari. Kamera iliyokaa pembeni, isiyolingana sawasawa na mstari wa goli, huongeza udanganyifu huo. Tena kamera haioni mfululizo. Inapiga picha moja moja. Kamera inayopiga picha 50 kwa sekunde, mbele ya mpira unaokwenda mita 20 kwa sekunde, itaukuta mpira umesogea sentimita 40 kati ya picha moja na inayofuata. Huenda mdundo wenyewe umetokea katikati ya picha hizo.

Mimi nilipoitazama picha ya Pretoria nilisema ni bao, na hadi leo nasema ni bao. Lakini mimi ni mtangazaji, na katika ujana wangu wa kazi niliwahi kulitangaza bao kwa sauti ya juu kabisa, nikataja na jina la mfungaji, kumbe wavu ulikuwa umetikiswa kwa nje. Tangu siku hiyo macho yangu siyaamini sana.

Kipo chombo kingine kilichobuniwa kwa ajili ya swali hilo moja la mstari. Tarehe 27 Juni 2010, mjini Bloemfontein, katika Kombe la Dunia, Frank Lampard wa Uingereza alipiga mpira uliogonga mtambaa panya na kudunda ndani kabisa ya lango la Ujerumani. Dunia nzima iliona, isipokuwa mwamuzi na wasaidizi wake. Aibu ile iliharakisha mambo: mwezi Julai 2012 teknolojia ya mstari wa goli iliruhusiwa, na katika Kombe la Dunia la Brazil mwaka 2014 kila uwanja uliwekewa kamera 14, saba kwa kila lango, zisizo na kazi nyingine ila kuufuatilia mpira. Unapovuka, saa ya mkononi ya mwamuzi hupokea ishara ndani ya sekunde moja, na hakuna mtu wa kuulizwa maoni.

Chombo hicho hakikuwapo Pretoria. Kilichokuwapo ni VAR, yaani macho ya watu na kamera za matangazo. Washabiki walikuwa wameambiwa kwamba teknolojia ipo, wakaamini kwamba ipo yote. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye dosari kubwa kuliko ile ya mwamuzi kutoka Mauritania, ambaye hakupewa kifaa cha kumtoa katika shaka.

Bara letu lilikwishaonja ubaya wa ahadi za namna hiyo. VAR ilitumika kwa mara ya kwanza katika mashindano ya Shirikisho la Mpira la Afrika mwezi Februari 2018, Wydad ya Casablanca ilipocheza na TP Mazembe ya Lubumbashi kugombea Kombe la Super. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Mei 2019, Wydad hiyo hiyo ilikuwa Radès, nchini Tunisia, katika marudiano ya fainali ya mabingwa dhidi ya Espérance. Wydad, ikiwa nyuma kwa bao moja, ilisawazisha kwa kichwa. Bao likakataliwa kwa madai ya kuotea. Wachezaji wakataka picha itazamwe. Wakaambiwa mtambo haufanyi kazi. Waligoma kuendelea, na baada ya kusimama kwa muda mrefu mwamuzi akamaliza mchezo, Espérance ikakabidhiwa kombe. Siku chache baadaye viongozi wa Shirikisho wakaamuru mchezo urudiwe. Mahakama ya Michezo ya huko Uswisi ikatengua amri hiyo kwa kuwa kikao kilichoitoa hakikuwa na mamlaka. Mwishowe ushindi ulibaki kwa Espérance. Mashauri yaliendelea hadi mwaka 2020, yote kwa sababu ya mtambo mbovu ambao hakuna aliyetangaza ubovu wake mapema kwa namna ya kueleweka na wote.

Asidhani mtu kwamba haya ni matatizo ya umaskini. Tarehe 30 Septemba 2023, huko London, Luis Díaz wa Liverpool alifunga bao halali dhidi ya Tottenham. Msaidizi akanyanyua kibendera cha kuotea. Mwamuzi wa video aliitazama picha, akaona hakuna kuotea, lakini alidhani uwanjani limekubaliwa bao, hivyo akajibu kwamba ukaguzi umekamilika. Mchezo ukaendelea, bao likapotea, na Tottenham ikashinda 2 kwa 1. Kamera zilionyesha ukweli. Watu hawakuelewana kwa maneno. Hata hivyo mwezi Juni 2024 klabu za ligi kuu ya Uingereza zilipopiga kura juu ya kuifuta VAR, 19 zilitaka ibaki na moja tu ndiyo iliyokataa.

Mtambo haumfundishi mwamuzi kazi, wala haumpi afya. Tarehe 12 Januari 2022, huko Limbe, Kameruni, mwamuzi kutoka kwa jirani zetu wa Zambia alipuliza kipenga cha mwisho katika dakika ya 85 ya mchezo wa Mali na Tunisia, akarudisha timu uwanjani, kisha akamaliza tena kabla dakika 90 hazijatimia. Baadaye ilielezwa kuwa joto lilikuwa limemdhuru. VAR ilikuwapo. Katika mashindano hayo hayo Salima Mukansanga wa Rwanda alikuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha kama mwamuzi wa kati mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika, naye alilelewa katika viwanja vya kawaida vya Afrika ya Mashariki, ambako mwamuzi hutegemea mbio zake, kipenga, na washika vibendera wawili.

Mwezi Februari 2023, nchini Moroko, katika Kombe la Dunia la Klabu, waamuzi walianza kwa majaribio kueleza maamuzi ya video kwa kipaza sauti, uwanja mzima ukisikia. Sentensi mbili tatu zinatosha. Mashabiki wa Yanga waliokuwa Pretoria hawakupata hata moja. Waliondoka uwanjani wakiwa na simu mikononi, kila mmoja akiisimamisha picha ile ile mahali pale pale.