Kabla ya Kubadili Mikro za Gitaa

Katika parokia nyingi gitaa la umeme limepata nafasi yake karibu na ngoma. Lakini likianza kuvuma kama nyuki, au sauti yake ikififia, mara twasikia vijana wakisema: «Tununue mikro mpya!» Mfuko wa kwaya ni mchango wa wengi, hata wa maskini. Haifai kuufungua kabla ya kujua ugonjwa wa chombo.

Mikro tunayoisema hapa si ile ya mwimbaji, bali ni kile kifaa kilichofungwa chini ya nyuzi. Ndani yake mna sumaku, nayo imezungushiwa waya wa shaba, mwembamba kuliko unywele, mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku, umeme kidogo huzaliwa katika shaba hiyo, ukaenda mpaka kwenye kipaza sauti. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazisikiki kwa mikro hizi. Sumaku nyingi za gitaa huitwa alniko: ni chuma kilichochanganywa na alumini, nikeli na kobalti. Wasomaji wetu wa Katanga wanayajua vema madini haya, shaba na kobalti.

Namna kuu za mikro ni mbili. Ya kwanza ina bobini moja, kama zile za gitaa Stratocaster la Fender, lililotokea mwaka 1954. Sauti yake ni kali na safi, lakini hupokea pia mvumo wa nyaya za umeme na wa taa. Ya pili ina bobini mbili. Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa Gibson, aliiombea hati ya uvumbuzi. Bobini hizo hupangwa kinyume, na sumaku zake kinyume, hata mvumo wa moja huuondoa ule wa nyingine, na sauti ya nyuzi hubaki. Sauti hiyo ni nene na ya upole zaidi.

Basi, kabla ya kununua, yatupasa kufanya haya. Kwanza, tuweke nyuzi mpya na kujaribu waya mwingine wa kuunganishia. Pili, fundi atazame viungo vilivyolehemiwa. Tatu, tuzungushe skrubu za mikro, ziwe kama milimita 2 au 3 chini ya nyuzi zilizobanwa mwisho wa shingo. Nne, tuligeuze gitaa huku na huku: mvumo ukipungua na kuongezeka, bobini moja ndiyo inayoupokea.

Ikiwa bado lazima kubadili, tupime tundu la ubao. Mikro pana haiingii katika tundu jembamba, na ubao uliokatwa haurudi. Ziko mikro za bobini mbili zenye umbo jembamba. Wauzaji hutaja pia hesabu ya omu: bobini moja ya desturi huwa karibu na 6,000, bobini mbili karibu na 8,000. Hesabu ikizidi sana, mara nyingi sauti huwa na nguvu lakini hupoteza wangavu wake. Vifungo vya sauti navyo vilingane: omu 250,000 kwa bobini moja, 500,000 kwa mbili.

Mikro ya zamani isitupwe, itunzwe sandukuni. Na mwenye kushika mfuko wa kwaya asinunue jina la kiwanda. Amwulize mpigaji kwanza: «Gitaa letu linakosa nini?» Asipoweza kujibu, fedha zikae mfukoni.