Je, Wajua? Gati la Homa Bay Husafishwa Kuanzia Juu Mtoni

Je, wajua kwamba makutano ya Rodi Kopany yanatoa barabara tatu, na zote zinahusiana na ziwa? Moja inashuka Homa Bay, kwenye gati. Ya pili inapita Ndhiwa hadi Karungu, ziwani vilevile. Ya tatu inaelekea Rongo, na ukiendelea unafika Awendo na Migori, nchi ya miwa na dhahabu, ambayo taka zake huishia ziwani.

Je, wajua kwamba Kenya ina asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria? Ndani ya sehemu hiyo ndogo imo Ghuba ya Winam, na kandokando yake Kisumu, Kendu Bay, Homa Bay na Mbita. Ghuba ina kina kifupi na mlango mwembamba, kwa hiyo taka ikishaingia haitoki upesi. Tena kwa zaidi ya miaka 30 tuta la barabara liliziba mkondo wa Mbita, hadi lilipojengwa daraja linaloruhusu maji kupita.

Je, wajua kwamba maji ya kiwanda cha sukari yanaweza kuua samaki bila kuwa na sumu? Mabaki ya sukari ni chakula cha bakteria. Bakteria wakishiba huzaana, wakizaana humaliza oksijeni, na samaki kama ngege hukosa hewa ndani ya maji. Ndiyo maana Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 zilidai kwamba uchafu uliomo katika maji yanayomwagwa mtoni usihitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita ili uoze.

Je, wajua kwamba mwaka 1998 gugu maji lilifunika takriban hekta 17,000 za ghuba? Mashua zilikwama. Waliosaidia kulipunguza ni fukusi wadogo wa asili ya Amerika Kusini, waliolelewa na watafiti kisha wakaachiliwa ziwani. Lakini fukusi hawazuii mbolea na maji taka yanayolilisha gugu hilo, na kila msimu linaporudi tunajua kazi ya juu mtoni haijaisha.

Je, wajua kwamba mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa ziwa hili kwa sababu ya watu waliovua kwa dawa za kuua wadudu? Kosa lilihusishwa na upande wa Uganda, lakini mbuta wa Kenya na Tanzania nao walikataliwa. Mwaka 2003 nchi hizo tatu zilitia saini Itifaki ya bonde la Ziwa Victoria, inayotamka wazi kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Kamisheni yake iko Kisumu.

Je, wajua dhahabu ya Nyatike, huko Migori, hupitia nini kabla ya kung'aa? Mwamba husagwa ukawa unga, ukatiwa maji kwenye karai, kisha zebaki. Mchimbaji huukoroga kwa mikono mitupu mpaka zebaki inate na chembe za dhahabu, halafu hukamua kwa kitambaa. Kidonge kinachobaki huchomwa juu ya makaa. Zebaki hupaa kama mvuke, na anayeuvuta kwanza ni aliyeinama juu ya jiko, mara nyingi na mtoto kando yake. Inayobaki kwenye tope husombwa na mvua hadi mitoni, na Mto Kuja huishia ziwani. Kipo chombo cha kuchomea kilichofungwa, kinachonasa mvuke huo na kuirudisha zebaki itumike tena. Kwa maoni yangu, kila kikundi cha wachimbaji kingepaswa kuwa nacho kabla ya kununua gramu nyingine ya zebaki.

Mkataba wa dunia juu ya zebaki unaitwa Minamata, jina la mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki ghubani kwa miaka mingi. Ugonjwa uliotokana na zebaki hiyo uligunduliwa rasmi mwaka 1956, lakini umwagaji uliendelea hadi 1968.

Je, wajua kwamba tangu 2007 kanuni zinawapa wavuvi, wachuuzi na wenye mashua nafasi ya kusimamia ufuo wao kupitia vikundi vyao, yaani BMU (Beach Management Units)? Hao ndio huona kwanza maji yakibadilika rangi.

Na je, wajua kwamba Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira, bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia? Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walishtaki juu ya sumu ya risasi iliyotoka kwenye kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha fidia hiyo, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Na waliowajibishwa hawakuwa wenye kiwanda peke yao, bali pia mashirika ya serikali yaliyopaswa kukisimamia.