Bampa za Njia ya Kipsing

Ukiisoma mipango ya Ruwaza ya Kenya 2030 utakuta Kipsing imetengewa nafasi ya heshima. Pengo la Kipsing, magharibi ya mji wa Isiolo, ndipo palipochaguliwa kujengwa mji wa kitalii chini ya mradi wa ukanda wa uchukuzi wa LAPSSET, ule uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012 mbele ya viongozi wa Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia: Mwai Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi. Uwanja wa ndege wa Isiolo ulipanuliwa, ramani zikachorwa, bei ya ardhi ikapanda. Mji wenyewe haujajengwa. Kipsing ni ya wafugaji, ina laga, yaani mto wa msimu, yenye mchanga mzito, na njia ya Isiolo kwenda Oldonyiro ambayo madereva wanaijua kwa vitu ilivyowavunjia.

Ni vitu hivyo vilivyovunjika ninavyotaka kuvizungumzia, maana naona vinatueleza jinsi tunavyopanga kuliko ramani yoyote.

Katika njia kama ile mawe hurushwa na matairi yakapiga tumbo la gari bila kukoma. Gari linaposhuka lagani, bampa hukwaruza ukingo. Linapopanda upande wa pili, bampa ya nyuma hupata zamu yake. Matigadi za pikipiki hupasuka kwenye misumari. Sasa geuza bampa iliyopasuka ya gari dogo utazame kwa ndani. Mara nyingi utakuta herufi zilizochapwa: PP+EPDM-T20. Yaani ni polipropilini iliyochanganywa na mpira, na asilimia 20 yake ni unga wa talki. Mchanganyiko huo ni mzuri kwa kazi yake. Kazi yenyewe ni ipi? Kanuni nambari 42 ya Umoja wa Mataifa, inayotumiwa na nchi nyingi kupima bampa, huigonga kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayeegesha gari mjini.

Bampa hiyo ikipasuka, fundi wa jua kali haitupi. Polipropilini ni thamoplastiki: ukiipasha moto inayeyuka, ikipoa inaganda upya, tofauti na faiba ya matatu ambayo gundi yake ikishakauka haiyeyuki tena. Fundi huoanisha kingo za ufa, hukata kipande cha wavu mwembamba wa chuma, akakizamisha ndani ya plastiki kwa chuma cha moto huku moshi ukimpiga usoni. Kisha hukata vipande vya bampa nyingine kuukuu, akaviyeyusha juu ya wavu na kuvisawazisha. Anajua pia kwamba kipande cha mtungi wa maji hakitashika, kwa kuwa mtungi ni polithini na bampa ni polipropilini. Akimaliza, pale penye kiraka pana thamoplastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi, kitu kile kile ambacho maabara za ulimwengu zinakifanyia utafiti. Fundi huyu ni mtaalamu, na sijasikia mradi wowote uliomwita mezani.

Kugongwa ni kupokea nishati, na nishati hiyo lazima itumike mahali. Ndani ya plastiki tupu, ufa ukishaanza hukimbia moja kwa moja. Zikiwamo nyuzi, ufa hukutana nazo njiani: uzi mmoja hubanduka, mwingine huchomolewa kwa msuguano kutoka ulipolala, mwingine hukatika, na kila tendo hula sehemu ya nishati. Kipimo chake ni kigumu kukipata. Nyuzi zikishikana na plastiki kupita kiasi, ufa huzikata zote kwa mpigo na kitu huvunjika kama biskuti. Zikishikana kidogo mno, hazibebi mzigo. Nyuzi fupi mno huongeza ugumu lakini mara nyingi hupunguza uwezo wa kuhimili pigo. Hapo, kati ya nyuzi za mimea, mkonge una sifa yake. Kitani huushinda kwa ugumu, lakini mkonge hunyumbuka zaidi kabla ya kukatika, kwa sababu vijiuzi vya selulosi ndani yake vimejisokota kwa mshazari zaidi.

Na mkonge ni wetu kwa miaka mingi. Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, miche michache tu ikasalimika, na kutokana na hiyo Tanganyika ikawa mzalishaji mkuu duniani. Katikati ya miaka ya 1960 ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kenya nayo ina mashamba ya Vipingo, Mwatate na Mogotio. Kisha kamba za polipropilini, plastiki iliyovumbuliwa miaka ya 1950, zikateka soko na mashamba mengi yakageuka vichaka. Plastiki iliyoangusha bei ya mkonge ndiyo hiyo hiyo ambayo leo watafiti wanataka kuichanganya na mkonge ili kutengeneza vipuri vya magari. Nafasi hii ya mkonge kurudi sokoni ni ya haki, na inaniuma kuona tunavyoichelewesha.

Kwamba inawezekana, si jambo la kubahatisha. Katikati ya miaka ya 2000, kampuni ya DaimlerChrysler ilitumia polipropilini yenye nyuzi za mmea wa abaka kutoka Ufilipino kwa kifuniko cha gurudumu la akiba la Mercedes A-Class. Kifuniko hicho kinakaa chini ya gari, mahali panapopigwa na mawe na maji.

Kwetu, utafiti huishia kwenye nyundo ya maabara. Kipande cha milimita 80 kwa 10 kwa 4 hukaa kwanza kwenye chumba cha digrii 23 na unyevu wa asilimia 50, kisha nyundo inayoning'inia huachiliwa ikakipiga mara moja. Namba huandikwa, tasnifu hufungwa jalada. Kipimo hicho ni halali na kinahitajika. Lakini njia ya Kipsing haipigi mara moja. Kuna jua linaloichosha polipropilini mpaka uso wake unafanya vijiufa, isipokuwa imetiwa kinga kama masizi ya kaboni. Halafu mvua inakuja, gari linavuka matope, na nyuzi za mmea hunywa maji, huvimba, huanza kuachana na plastiki. Baada ya hapo ndipo jiwe linapiga. Mkonge uliofaulu chumbani unaweza kushindwa hapa, na unaweza kushinda pia. Namba ya chumbani peke yake haiwezi kutuamulia.

Kenya imeshaujua uchungu wa kuishia kwenye mfano. Mwaka 1986 Rais Moi aliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari. Magari hayo, Nyayo Pioneer, yakaonyeshwa Kasarani mwaka 1990, na fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana. Mobius, gari lililobuniwa kwa barabara mbovu, lilifika sokoni, likakabiliana na magari yaliyotumika kutoka Japani, na Agosti 2024 kampuni ikatangaza kufunga kabla ya mnunuzi kujitokeza. Hawa wa pili angalau walifika barabarani. Mfano unaonitia moyo ni wa Lamu: jahazi la Flipflopi, lililoundwa na fundi Ali Skanda na wenzake kwa plastiki iliyokusanywa fukweni, lilishushwa majini mwaka 2018 na mwezi Januari 2019 likasafiri hadi Zanzibar, kama kilomita 500. Hawakusubiri bahari iigizwe chumbani.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa vyuo vikuu vya teknolojia vya Meru na Dedan Kimathi, vilivyo karibu na Isiolo, na kwa serikali ya kaunti. Tengenezeni vifuniko vya tumbo la gari kwa mkonge na polipropilini, hata kutoka bampa kuukuu. Vifungeni kwenye magari machache ya kaunti yanayokwenda Kipsing na Oldonyiro, yapite kiangazi kimoja na masika moja. Kisha vifungueni mbele ya wahandisi na mafundi wa jua kali wakiwa meza moja, na mchapishe kila kilichovunjika, kilivunjikia wapi na kwa nini.