Theluji ya Kilimanjaro: Hazina Inayotoweka

Watoto wetu hapa Mgogoni huijua barafu ya jokofu, lakini theluji huisoma vitabuni tu. Hata hivyo theluji imo katika nchi yetu, juu ya kilele cha Kibo, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Wala asili yake si ngeni kwetu. Mvuke unaopanda kutoka Bahari ya Hindi, bahari hii hii inayoizunguka Pemba, huchukuliwa na upepo hadi mlimani, ukapoa, ukaanguka kuwa mvua chini na theluji juu.

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipoeleza kuwa ameona theluji karibu na ikweta, baadhi ya wataalamu wa Ulaya walimkanusha. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walishuka Kibo kwa mbao za kutelezea thelujini. Wakati huo barafu ya mlima ilienea takriban kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimesalia chini ya 2.

Wengi hudhani kuwa joto peke yake ndilo sababu. Jambo hili lina undani zaidi. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 hewa ya Afrika Mashariki imekuwa kavu zaidi, na theluji mpya imekuwa haba. Kileleni kuna baridi kali, hivyo barafu nyingi hugeuka mvuke bila kuwa maji kwanza, mfano wa vidonge vyeupe vya kabatini vinavyopungua bila kulowesha nguo.

Hapo ndipo ubora wa theluji unapohusika. Theluji mpya, nyeupe, huurudisha mwanga mwingi wa jua, ikawa kama shuka linaloisitiri barafu. Ikichakaa na kuingia vumbi, huvuta joto. Basi masika na vuli zikiwa dhaifu, barafu hubaki wazi mbele ya jua.

Je, barafu ikitoweka mito itakauka? La. Maji mengi ya mlima huo, yakiwemo yanayoingia mto Pangani, hutokana na mvua inayonyesha msituni. Kwa hiyo msitu ukikatwa au kuungua, msiba wa mkulima ni mkubwa kuliko wa kukosa barafu.

Mwaka 2022 UNESCO ilitahadharisha kuwa barafu ya Kilimanjaro huenda ikatoweka ifikapo 2050. Mtoto aliye darasa la kwanza leo atakuwa mzazi wakati huo. Sisi wa Pemba, ambao maji ya chumvi yameingia katika baadhi ya mabonde yetu ya mpunga, hatuna haja ya kusimuliwa maana ya mabadiliko haya. Barafu hatuwezi kuirudisha. Msitu wa mlimani na mikoko ya pwani ingali mikononi mwetu, nayo ni amana. Tuwafundishe watoto kuilinda kabla haijawa nayo habari ya vitabuni.